Mifuko mitatu, kila mmoja na masharti yake

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni ndugu watano. Wawili tunaendesha duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, limesajiliwa kama kampuni. Kaka yetu yuko Muscat, dada yetu yuko Leicester, na mdogo wetu ni mwalimu Dar es Salaam. Kila Ramadhani tunapeleka mchele, sukari, mafuta na sabuni kwenye kituo cha yatima. Mwaka huu walio nje wanataka tuunganishe nguvu. Mdogo wetu anasema tufungue taasisi yenye jina la marehemu Mama. Mume wangu anasema tukitoa kwa jina la kampuni, TRA watatupunguzia kodi. Pia Mama ameacha vyumba sita vya kupangisha, na tunafikiria viwe sadaka yake ya jariya, ile ambayo thawabu zake zinaendelea baada ya kufa. Tuanzie wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu Mama.

Umeniuliza kuhusu taasisi, kodi na vyumba, lakini mimi naanzia kwenye droo ya duka. Ninavyoisoma barua yako, kila kinachotoka mnakiita sadaka, kiwe kimetoka mfukoni mwa mume wako, kwenye mauzo ya kampuni, au kwenye hela aliyotuma kaka kutoka Muscat. Hapo ndipo familia nyingi zinapojikwaa. Fedha zenu ni za aina tatu na kila aina ina masharti yake: zaka, sadaka ya ndugu, na fedha ya kampuni. Zikichanganywa, zaka inakwenda isipostahili, TRA wanakataa hesabu zenu, na ndugu wa nje anaanza kuuliza hela yake ilikwenda wapi.

Zaka kwanza, kwa sababu hiyo haina hiari. Wafanyabiashara wengi wa pwani ni wakarimu sana Ramadhani, ila hawajawahi kuhesabu. Wanapeleka magunia, wanaona wametimiza. Hesabu yenyewe si ngumu. Chagueni siku moja ya mwaka wa Kiislamu. Siku hiyo thaminini bidhaa zote za kuuza kwa bei ambayo zingeuzika leo, wala si ile mliyonunulia. Ongezeni fedha taslimu, iliyo benki na iliyo kwenye simu, pamoja na madeni ya wateja mnaoamini watalipa. Toeni mnachodaiwa na wasambazaji kinachotakiwa kulipwa sasa. Rafu, mizani, pikapu ya kubebea mzigo na jengo havihesabiwi. Tuseme saruji, bati, nondo na rangi ni za shilingi milioni 60, taslimu milioni 8, na mnadaiwa milioni 12. Zinabaki milioni 56. Kama kiasi hicho kinafikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu kwa bei ya siku hiyo, na mwaka umetimia, zaka ni asilimia mbili na nusu: shilingi 1,400,000. Kila mwenye hisa anabeba sehemu yake.

Fedha hiyo ina wenyewe. Makundi manane yametajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na yatima hayumo kwa sababu ya uyatima wake. Anaingia akiwa fakiri au maskini. Mtoto aliyefiwa na baba akaachiwa nyumba tatu si wa kupewa zaka. Vilevile wanazuoni walio wengi hawakubali zaka ijenge choo cha shule, ichimbe kisima au ilipe mlinzi wa kituo, kwa kuwa sharti lao ni maskini aimiliki fedha mwenyewe. Kwa hiyo zaka ipelekeni kwa mtu, mkononi. Na angalieni ndani ya ukoo kabla hamjatoka nje. Ndugu, shangazi au binamu mwenye dhiki anaruhusiwa kupokea, ila wazazi na watoto wenu hapana, maana hao ni wajibu wenu kuwatunza. Kama kuna shaka juu ya mtu fulani, muulizeni shehe wenu, si mhasibu.

Sasa twende kwenye kituo, ambapo ningependa tukae kidogo.

Katika kazi yangu ya kukagua hesabu za taasisi za hisani nimeingia kwenye stoo za makao ya watoto mara nyingi, hasa wiki ya mwisho ya Ramadhani na siku za Krismasi. Katika makao mamoja nilikuta sabuni za mche zimepangwa mpaka karibu na dari, biskuti ambazo hazingeliwa zote kabla ya kuharibika, na katoni za tambi zilizoanza kuingiwa na panya. Wakati huohuo umeme wa LUKU ulikuwa umekatika tangu jana yake, na mama mlezi alikuwa akitumia tochi ya simu kuandika kitabu cha mahudhurio. Mlinzi alikuwa hajalipwa. Hakuna mfadhili aliyekuwa ameuliza habari za mlinzi. Watu hupenda kutoa kinachopigika picha, na umeme haupigiki picha.

Sisemi muache kwenda. Nasema badilisheni mnachopeleka na wakati wa kukipeleka. Mwendee mama mlezi bila kamera, mwombe bajeti ya mwezi mmoja wa kawaida: umeme, maji, nauli za watoto wa sekondari, dawa, mshahara wa mlinzi na mpishi. Chagueni kitu kimoja mkibebe mwaka mzima. Shilingi 150,000 kila mwezi zinazofika bila kukumbushwa zinamsaidia kupanga mambo kuliko shilingi 1,800,000 za mchele zinazoshuka siku moja, wiki ambayo kila mtu mjini analeta mchele. Kama lazima kiwe chakula, pelekeni miezi ambayo hakuna sikukuu.

Kabla ya senti moja kutoka, ulizeni leseni. Makao ya watoto yanatakiwa yawe na leseni kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu anayajua yenye leseni na yasiyo nayo. Mkuu wa makao akikasirika kwa kuulizwa, mmeshapata jibu. Na tafadhali, msiwapange watoto mstari nyuma ya magunia wapigwe picha ya kuweka kwenye magrupu. Mtoto yule kesho ni kijana wa kidato cha nne, na picha ile bado inazunguka.

Lipo jambo ambalo wafadhili hawapendi kulisikia. Watoto wengi wanaoishi kwenye vituo vya namna hii duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai, au bibi, au mjomba. Kilichowapeleka pale ni umaskini. Kituo kikisaidiwa vizuri sana huku familia ya mtaa wa pili haipati chochote, familia ile nayo itamleta mtoto. Ndiyo maana mimi nikipewa shilingi ya kugawa, sehemu kubwa naipeleka kwa bibi anayelea wajukuu nyumbani kabla ya kituo. Muulizeni afisa ustawi wa jamii au mwenyekiti wa mtaa awaonyeshe kaya tatu tu. Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia 2022, kwa hiyo asije mtu akawaomba ada ya shule ya kata. Kinachowatoa watoto shuleni siku hizi ni sare, viatu, madaftari, na mahindi na maharage ya chakula cha mchana ambayo wazazi wanachangishwa. Chukueni kaya tatu, mlipe hivyo kwa mwaka mmoja, muone. Bibi huyo akiwa fakiri, mnaweza hata kumpa zaka yenyewe moja kwa moja, na hapo mifuko yenu miwili inakutana kihalali.

Mdogo wenu mwalimu, ambaye nadhani mshahara wake haumwachii kikubwa, asijione hana la kutoa. Anaweza kutoa damu: Kituo cha Damu Salama kinampokea mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 kwenda juu, mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Pia yeye ndiye anayeweza kuwafuatilia watoto wa hizo kaya kimasomo, kazi ambayo hamuwezi kumlipa mtu aifanye kwa moyo.

Sasa kampuni. Kampuni ina kitu ambacho ninyi binafsi hamna: bidhaa kwa bei ya jumla, gari, na mafundi wanaowajua. Msikiache hicho mkaenda kununua mchele kwa bei ya rejareja. Chukueni shule ya msingi iliyo karibu na duka, mhesabu vyoo. Kiwango cha nchi ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 300 inahitaji matundu 15, na nyingi hazifiki nusu. Mkitoa saruji, nondo, mabati, masinki na mabomba, mnatoa mnachokijua, na mtajua mara moja kama vifaa vimetumika au vimeuzwa, maana ninyi ndio wauza duka.

Utaratibu wake: anzeni na mwalimu mkuu na kamati ya shule, kisha ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri ili mhandisi atoe makadirio ya vifaa na kiwanja kithibitishwe. Pelekeni vifaa kwa awamu. Msingi kwanza, mkaukague, ndipo matofali, ndipo mabati. Kila mzigo usainiwe na mtu wa kamati na mtu wa shule, nakala ibaki dukani. Na mkubaliane mapema nani atanunua sabuni na kumlipa wa kusafisha, kwa sababu choo kisichosafishwa kitafungwa kabla ya mwaka kuisha.

Mume wako amepatia kuhusu TRA, ila kwa sehemu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 16, inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii utolewe kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi, lakini usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Tuchukue kampuni iliyopata faida ya shilingi milioni 45. Asilimia 2 ni 900,000. Hata mkitoa milioni 3, kinachokubaliwa ni hizo 900,000, na kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30 mnaokoa shilingi 270,000. Basi. Mtu asiwadanganye kwamba kutoa ni njia ya kukwepa kodi. Mnatoa milioni 3, mnarudishiwa laki mbili na sabini.

Hata hizo hazipatikani kwa risiti ya kuandika kwa mkono. Taasisi mnayoichangia iwe imetambuliwa na Kamishna Mkuu wa TRA kuwa ni ya hisani. Kusajiliwa kama NGO peke yake hakutoshi, na zipo nyingi ambazo hazijawahi kuomba utambuzi huo. Ombeni nakala ya barua yake kabla ya kutoa. Mchango wa elimu una mlango mwingine mzuri zaidi: ule unaopitia Mfuko wa Elimu chini ya Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, kwa sheria ya 2001, haubanwi na ile asilimia 2. Kwa mradi wa vyoo au madarasa, wasilianeni na TEA kabla ya kununua kitu, maana wakishapitishwa pembeni hawawezi kuthibitisha mlichotoa. Ikiwa duka limesajiliwa VAT, mhasibu aseme mapema vifaa vya msaada vinaingizwaje vitabuni. Saruji iliyotoka stoo bila maelezo, mkaguzi anaihesabu kama mmeuza kwa siri. Na wale wenye maduka madogo wanaolipa kodi ya makadirio kwa mauzo, ambao najua wanasoma hapa, hawana la kupunguziwa, kwa kuwa kodi yao haihesabiwi kwa faida.

Niongeze neno moja ambalo halikuulizwa. Kabla kampuni haijatoa msaada wa kuonekana, ihakikishe michango ya wapagazi na wauzaji wake kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, imepelekwa. Nimeona kampuni yenye ngao ya shukrani ukutani huku mfanyakazi wake wa miaka mingi hana mchango hata wa mwaka mmoja. Fedha ile ya ngao ilikuwa yake.

Kwa ndugu wa nje, sheria za huko waliko ndizo zinazoamua, na zinatofautiana sana. Dada wa Leicester, ikiwa analipa kodi ya mapato Uingereza, ana nafasi isiyofaa kupotea. Akitoa pauni 100 kwa taasisi ya hisani iliyosajiliwa kule na kusaini fomu ya Gift Aid, serikali inaiongezea taasisi hiyo pauni 25. Akizituma pauni hizohizo kwenye simu yako Tanga, hakuna nyongeza. Kwa hiyo sadaka yake kubwa aipitishe kwa taasisi ya Uingereza inayofanya kazi Tanzania na inayoruhusu mtoaji achague mradi. Kile cha kumsaidia shangazi akitume moja kwa moja, kwani mchango kwa jamaa hauingii Gift Aid kwa vyovyote.

Kaka wa Muscat yeye ana tahadhari ya kuchukua. Kutuma fedha yake mwenyewe kwa ndugu zake hakuna tatizo. Tatizo ni kupitisha kofia kwa wafanyakazi wenzake au kuweka tangazo la mchango kwenye grupu la Watanzania. Oman hairuhusu kukusanya michango ya umma bila kibali cha serikali, na Emirati nao hivyohivyo. Mtu mwema anaweza kujikuta kituo cha polisi kwa ajili ya kisima cha Muheza. Atoe chake, asikusanye cha wengine.

Kuhusu taasisi ya jina la Mama, jibu langu ni hapana kwa sasa, na mdogo wenu asinichukie. Ukisajili NGO kwa Sheria ya 2002, unajifunga kuleta taarifa za kazi na hesabu kila mwaka, kulipa ada, kuwa na katiba, viongozi na vikao. Kwa familia inayotoa milioni kadhaa kwa mwaka, sehemu ya sadaka itaishia kwenye nauli za kwenda kufuatilia makaratasi. Ninazifahamu taasisi za kifamilia zilizobaki na muhuri, kadi za biashara na ugomvi wa nani mwenyekiti. Fungueni akaunti moja ya pamoja yenye watia saini wawili wasiokaa nyumba moja. Mkubaliane kwa maandishi kila mmoja anatoa kiasi gani na lini, na mnasaidia mambo gani tu. La mwisho hilo ndilo litakalowaokoa siku jirani anapokuja na harusi. Mwenye kitabu atume picha ya taarifa ya benki kwenye grupu la ndugu kila mwezi. Mkifanya hivyo miaka miwili mitatu bila kugombana, na watu wa nje wakaanza kutaka kuwachangia, ndipo usajili una maana. Jina la Mama halihitaji cheti ili duwa imfikie.

Vyumba sita ndilo jambo zito kuliko yote, na ndilo mnaloweza kuliharibu kwa haraka ya mapenzi. Mama ameshafariki, kwa hiyo yeye hawezi tena kuviweka wakfu, yaani kuvifunga visiuzwe wala kurithiwa ili mapato yake yawe sadaka ya kudumu. Kama hakuacha wosia, vyumba ni mirathi, na mwenye kutoa ni mrithi, kila mtu kwa fungu lake. Kama aliacha wosia wa wakfu, unatekelezwa hadi theluthi moja ya mali yake, na zaidi ya hapo mpaka warithi waridhie. Mwendeeni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo ateue msimamizi wa mirathi kama bado, orodhesheni warithi wote, hata wale msiozungumza nao. Mrithi aliye mtoto mdogo, mfano yatima wa ndugu yenu aliyefariki baada ya Mama, kabla mirathi haijagawanywa, hawezi kutoa fungu lake na wala hapana mtu wa kulitoa kwa niaba yake. Fungu hilo ama mlinunue kwa bei ya haki, fedha iwekwe kwa jina lake, au chumba chake kibaki nje ya wakfu. Sadaka ya Mama haiwezi kukatwa kwenye haki ya mjukuu wake.

Mkishakuwa safi hapo, andikeni hati ya wakfu na kuteua wadhamini. Huku Bara mnaweza kuikabidhi BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, au kusajili bodi yenu ya wadhamini RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na kuisimamia wenyewe. Mali ikiwa Zanzibar, ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hakikisheni hati ya kiwanja nayo inahamishwa kwenda kwa wadhamini. Wakfu nyingi za miji yetu ya pwani zilimezwa kwa njia hiyo: karatasi ya ardhi ilibaki na jina la marehemu, kizazi cha tatu kikauza.

Ndani ya hati andikeni nani anafaidika kwa maneno yasiyobana mno. "Matibabu na elimu ya maskini wa kata hii" yatadumu. "Madrasa ya fulani" inaweza kufa na mwalimu wake. Tena kodi wanayolipa wapangaji isigawanywe yote. Wekeni kipengele kwamba kwanza inalipwa kodi ya serikali, kisha sehemu maalumu, hata robo, inakwenda kwenye akaunti ya matengenezo, na kinachobaki ndicho cha wanufaika. Chumba cha Tanga kinakula chumvi ya bahari mwaka mzima, bati halikai. Hati ikisainiwa, nakala moja iende RITA au BAKWATA kulingana na njia mliyochagua, moja ibaki kwa wadhamini, na kila ndugu, pamoja na wale wa Muscat na Leicester, awe na yake.